Mjaza Mifuko wa Florence

Cosimo de' Medici alishika cheo cha juu kabisa katika mji wa Florence kwa muda wa miezi sita. Tena haikuwa miezi ya mfululizo: alipata miwili mwaka 1435, miwili mwaka 1439 na miwili mwaka 1445. Siku nyingine zote, tangu aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1434 hadi alipofariki mwaka 1464, alikuwa raia mwenye benki. Mjukuu wake Lorenzo, ambaye historia imempa jina la Mtukufu, hakukikalia kiti hicho hata siku moja. Sheria ilimtaka Mshika Bendera wa Haki, kama cheo kilivyoitwa, awe ametimiza umri wa miaka 45, naye Lorenzo alifariki mwaka 1492 akiwa na 43. Kisheria, basi, Lorenzo hakuwahi kuwa mkuu wa Florence. Mabalozi wa Milan na Venice walikuwa kama hawana habari hiyo, maana wakiwa na jambo zito walikwenda kubisha hodi nyumbani kwake Via Larga kabla ya kwenda kutoa salamu katika jumba la serikali.

Simulizi nyepesi husema kwamba ukoo wa Medici uliipindua jamhuri ya Florence kwa fedha. Fedha zilikuwapo, tena nyingi, na tutazikuta njiani. Lakini jamhuri yenyewe haikupinduliwa. Mabaraza yaliendelea kukutana, vyeo viliendelea kupokezanwa kila baada ya miezi miwili, na majina ya wakuu wapya yaliendelea kuokotwa hadharani kutoka katika mifuko ya ngozi. Kilichobadilika ni kazi ya makarani wachache ambao kabla ya 1434 hakuna aliyehangaika kuwajua: wale waliotia majina mfukoni.

Mifuko hiyo ilizaliwa na hofu. Florence ya mwishoni mwa karne ya 13 ilikuwa mji wa wafanyabiashara wa sufu, wabadili fedha na mawakili, wenye sarafu ya dhahabu, florini, iliyoanza kupigwa mwaka 1252 na kupokelewa karibu kote Ulaya. Watu hawa walikuwa wamechoshwa na makabaila waliojenga minara na kumwaga damu mitaani kwa visasi vya koo zao. Mwaka 1293 walipitisha Sheria za Haki, zilizoziorodhesha koo za kikabaila na kuzifungia nje ya vyeo vikuu. Tangu hapo kutangazwa kuwa kabaila kukawa adhabu. Ukitaka kummaliza hasimu wako kisiasa, unamwombea atiwe katika orodha ya waheshimiwa.

Aliyetaka cheo alipaswa kuwa mwanachama wa kimojawapo kati ya vyama 21 vya kazi. Vikubwa vilikuwa saba, vya majaji na mawakili, wabadili fedha, wenye viwanda vya sufu, wauza hariri na wenzao. Vidogo vilikuwa 14, vya wachinjaji, wahunzi, washona viatu, waoka mikate na wengine wa daraja hilo. Dante Alighieri alijiandikisha katika chama cha waganga na wauza dawa, ingawa hakuna mgonjwa anayejulikana kuponywa naye, na kwa tiketi hiyo akaingia katika baraza kuu mwaka 1300. Miaka miwili baadaye alikuwa mkimbizi mwenye hukumu ya kifo. Siasa za mji ule zilikuwa hivyo: upande ulioshinda uliufukuza ulioshindwa, ukachukua nyumba zake, ukasubiri zamu yake ya kufukuzwa.

Kuanzia mwaka 1328 wakabuni dawa. Kila baada ya miaka michache majina ya wanaume waliofaa yalikusanywa mtaa kwa mtaa, na kamati kubwa ya raia ikayapigia kura ya siri, jina moja baada ya jingine. Kura yenyewe ilikuwa punje ya haragwe: nyeusi ilimaanisha ndiyo, nyeupe ilimaanisha hapana. Aliyepata theluthi mbili jina lake liliandikwa kwenye kipande cha karatasi, karatasi ikatiwa mfukoni, na mifuko ikafungiwa sandukuni katika kanisa la Santa Croce. Hakuna aliyetangaziwa matokeo. Raia wa Florence angeweza kuishi miaka mingi bila kujua kama amepita au ameanguka, akawa na adabu kwa kila mtu kwa sababu hajui ni nani aliyemnyima haragwe.

Ilipofika wakati, mifuko ilifunguliwa na majina tisa yakaokotwa: mapriori wanane, wawili kutoka kila robo ya mji, pamoja na Mshika Bendera wa Haki. Hao tisa ndio walioitwa Signoria. Walihamia katika jumba la serikali, wakala na kulala humo kwa gharama ya umma, bila ruhusa ya kurudi nyumbani, na baada ya miezi miwili walitoka kuwapisha wengine. Hesabu yao ilikuwa kwamba miezi miwili haimtoshi mtu kuiba cha maana wala kujenga genge. Haikumtosha pia kuielewa kazi, lakini hilo walilivumilia.

Jina kuokotwa hakukumaanisha mtu kukaa kitini. Kwanza ilitazamwa kama yuko hai, kama yuko mjini, kama yeye au ndugu yake hakushika cheo hicho karibuni, na kama hayumo katika daftari la wadaiwa wa kodi, walilolipa jina la Kioo. Aliyeanguka katika mojawapo ya mitihani hiyo aliwekwa kando, likaokotwa jina jingine. Hata hivyo jina lake lilikuwa limesomwa mbele za watu. Alikuwa ameonekana, kama walivyosema wenyewe, na kuonekana kulikuwa mali. Familia iliandika katika daftari la nyumbani kwamba babu alionekana mwaka fulani, hata kama sababu ya kutoketi ni kwamba babu alikuwa na deni.

Leonardo Bruni, mwanazuoni aliyekuwa mwandishi mkuu wa serikali tangu 1427, aliusifu utaratibu huu katika hotuba ya maziko ya Nanni Strozzi. Hoja yake ni kwamba uhuru wa raia ni kuwa na tumaini sawa la kupata heshima ya utumishi, na tumaini hilo huwafanya watu wajitahidi na kujiheshimu. Ni hoja nzuri, na haikuwa uongo mtupu. Mwaka 1433, katika mji ambao hesabu ya 1427 ilionyesha haukufikisha watu 40,000 wa kila umri na jinsia, majina zaidi ya 6,000 yalipendekezwa na kama 2,000 yakapita. Ukiondoa wanawake, watoto, makasisi na vibarua, hilo ni fungu kubwa sana la wanaume waliobaki. Katika Ulaya ya wakati ule, ambako karibu kila mahali mtu alizaliwa juu au chini na kufia hapohapo, fundi viatu wa Florence aliweza kuamka Ijumaa akiwa mtawala. Bruni alibaki na kazi yake hata baada ya 1434, akaendelea kuwa sauti ya uhuru wa Florence hadi alipofariki mwaka 1444, akihudumia serikali ambayo majina yake yalikuwa yanachaguliwa kwa mkono.

Vibarua wa sufu hawakuwa na tumaini sawa wala lisilo sawa. Waliosha, wakachambua na kuchana sufu iliyowatajirisha wengine, na sheria iliwakataza kuunda chama chao. Chama cha wenye viwanda kiliajiri ofisa kutoka nje ya mji, mwenye mamlaka ya kuwakamata na kuwaadhibu. Mwezi wa Julai 1378 walichoka, wakachoma nyumba za wakubwa na kuliteka jumba la serikali. Historia inawaita Ciompi. Walimweka Michele di Lando, mchana sufu, kuwa Mshika Bendera wa Haki. Madai yao hayakuwa ya kuvunja mfumo. Walitaka yule ofisa aondoke, na walitaka vyama vitatu vipya, ili majina yao nayo yaingie mfukoni. Waliamini mfuko kuliko wenye mfuko walivyouamini.

Walipewa, kwa majuma machache. Tarehe 31 Agosti vyama vingine viliungana kuwapiga uwanjani, na aliyeongoza mapigo hayo alikuwa Michele di Lando mwenyewe, ambaye inaonekana hewa ya jumba la serikali ilikuwa imemkaa vizuri. Chama cha vibarua kikafutwa papo hapo. Viwili vingine vilidumu hadi Januari 1382, utawala wa wakubwa uliporudi kamili, na Michele naye akalipwa shukrani yake kwa kupelekwa uhamishoni.

Hofu ya 1378 ndiyo iliyowafundisha matajiri kuutazama mfuko kwa jicho jipya. Mwaka 1387 waliongeza mfuko mdogo pembeni ya mkubwa. Humo walitiwa watu walioaminiwa zaidi, na baadhi ya viti vya Signoria vikawa vinajazwa kutoka humo: viwili mwanzoni, vitatu kuanzia 1393. Uokotaji ulibaki wa bahati nasibu, mbele ya macho ya watu. Ni bahati tu iliyopunguziwa eneo la kuchezea. Waliobuni mfuko mdogo walikuwa ukoo wa Albizzi na washirika wao, miaka zaidi ya 40 kabla ya Cosimo. Wanaomlaumu Medici kwa kila kitu huwa wanawaonea huruma Albizzi bila sababu.

Wakati huo benki ya Medici ilikuwa inakua. Giovanni, baba yake Cosimo, aliijenga hasa kwa kushughulikia fedha za Papa, akafariki mwaka 1429 akiwa mmoja wa watu tajiri zaidi mjini. Mwaka huohuo Florence iliingia katika vita vya kuuteka mji wa Lucca. Vita vilikwenda vibaya, gharama zikapanda, serikali ikakopa, na waliokuwa na fedha za kuikopesha wakahesabika. Kufikia 1433 Rinaldo degli Albizzi aliona kwamba asipomwondoa Cosimo mapema hatamwondoa tena.

Nafasi ilipatikana mwezi wa Septemba, bahati ilipomwangukia Bernardo Guadagni kuwa Mshika Bendera. Guadagni alikuwa na deni la kodi ambalo lingemnyima kiti, na inasimuliwa kwamba Rinaldo alimlipia mapema. Siku ya 7 Septemba Cosimo aliitwa katika jumba la serikali kwa ajili ya mashauriano, akapandishwa juu na kufungiwa katika chumba kidogo mnarani ambacho Waflorence, kwa ucheshi wao, walikiita Nyumba Ndogo ya Wageni. Wengi walitaka auawe. Penye udhia penyeza rupia: florini 1,000 zikamfikia Guadagni, na adhabu ikashuka kuwa uhamisho. Cosimo aliandika baadaye, kwa dharau ya mtu anayejua bei za vitu, kwamba watu wale hawakuwa na ujasiri, kwa sababu angeweza kuwapa 10,000 au zaidi ili atoke salama.

Alikwenda Padua, kisha Venice, ambako alipokewa kama mgeni wa serikali. Rinaldo akabaki na mji, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo halikuwa na uhusiano wowote na upanga wala fedha. Kamati yake ya dharura ilifanya uteuzi mpya na kuongeza majina ya watu wake, lakini haikuyatoa majina ya zamani. Mifuko ilibaki na marafiki wa Medici ndani yake. Kwa mwaka mzima kila baada ya miezi miwili Rinaldo alisimama akitazama mkono ukiingia mfukoni, bila kujua utatoka na nini. Mwishoni mwa Agosti 1434 ulitoka na Signoria iliyojaa watu wa Medici. Rinaldo alikusanya watu wenye silaha, Papa Eugenius IV, aliyekuwa amekimbilia Florence kutoka Roma, akamsihi awatawanye, akawatawanya. Siku chache baadaye raia waliitwa uwanjani, kamati mpya ya dharura ikaundwa, Cosimo akaitwa arudi, na Rinaldo akahamishwa asirudi tena.

Cosimo alirudi mwezi wa Oktoba akiwa na funzo moja ambalo washauri wake walilielewa vilevile: Albizzi aliangushwa na vipande vya karatasi. Mji ulikuwa na makarani walioitwa accoppiatori, ambao kazi yao ilikuwa kuyagawa majina yaliyopita katika mifuko inayohusika. Kuanzia 1434 kamati ya dharura iliwapa ruhusa nyingine, ya muda tu, kwa sababu ya hali ya hatari. Badala ya kuacha mamia ya majina mfukoni, walichagua wao wenyewe majina machache kwa ajili ya Signoria inayofuata, machache tu kupita idadi ya viti. Kisha mfuko ukapelekwa, ukafunguliwa mbele ya watu, na bahati nasibu ikafanyika kwa taratibu zake zote. Ruhusa ile ya muda ilipokwisha iliongezwa. Ilipokwisha tena, hatari ilikuwa bado haijaisha.

Uzuri wa mbinu hii, kama neno uzuri linafaa, ulitokana na siri ambayo mfumo wenyewe uliipenda tangu zamani. Kwa kuwa hakuna raia aliyewahi kujua kilichomo mfukoni, hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba kimepungua. Raia aliyepitishwa na maharage mwaka 1433 hakuondolewa, hakuandikiwa barua, hakutukanwa. Jina lake lilibaki katika mfuko mwingine, sandukuni, likisubiri siku mfuko huo utakapofunguliwa. Aliyekaa miaka kumi bila kuokotwa aliweza kujilaumu kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa makarani hawa wangeweza pia kumkumbuka, alikuwa na kila sababu ya kupita Via Larga mara kwa mara kutoa salamu.

Kodi ilikamilisha kazi. Sheria ya katasto ya mwaka 1427 ilimtaka kila mkuu wa kaya aandike mali yake yote, madeni yake na watu anaowalisha. Nyumba aliyoishi haikutozwa, na kila mdomo uliokula kwake ulimpunguzia florini 200 katika thamani ya mali. Kwa wakati wake ilikuwa kodi ya haki kuliko nyingi, na majalada yake yamewaonyesha wanahistoria kwamba kaya 100 hivi za juu zilikuwa na zaidi ya robo ya utajiri wote wa mji. Lakini katasto haikudumu. Utawala wa Medici ulirudi mara nyingi kwenye makadirio, ambapo kamati ya watu wachache ilikadiria uwezo wa mtu kwa busara yake. Giannozzo Manetti, msomi na balozi aliyeheshimiwa, alikadiriwa hadi akauhama mji mwaka 1453. Aliyeshindwa kulipa aliandikwa katika Kioo, na aliyemo katika Kioo, hata bahati ingempenda vipi, karatasi yake iliwekwa kando. Hapakuwa na haja ya mnara.

Hali hii iliingia hadi katika ndoa. Alessandra Macinghi Strozzi alibaki mjane na watoto baada ya mumewe Matteo kuhamishwa pamoja na wapinzani wengine wa Medici na kufia ugenini. Barua zake kwa wanawe zimetufikia, na ni miongoni mwa maandishi yenye macho makali zaidi ya karne ile. Mwaka 1447 alimwozesha binti yake Caterina kwa Marco Parenti, mfanyabiashara wa hariri, kwa mahari ya florini 1,000, nusu yake ikitoka katika Mfuko wa Mahari wa serikali, ambako wazazi waliweka fedha binti akiwa mdogo ili zije zimezaa. Kule mahari ilitolewa na upande wa mwanamke. Alessandra alimweleza mwanawe bila kuzunguka: bwana harusi ana mali lakini ukoo wake hauna uzito serikalini, na mtu mwenye uzito huo angetaka florini 400 au 500 zaidi. Nafasi mfukoni ilikuwa na bei sokoni, na akina mama waliijua kwa usahihi zaidi kuliko wanafalsafa. Alessandra aliwaonya wanawe pia wajue nani wa kusimama karibu naye. Waliomfuata Medici walikuwa wanafanikiwa. Hilo aliliandika kama mtu anavyoandika hali ya hewa.

Ni kosa, hata hivyo, kumfikiria Cosimo kama mchezesha karagosi aliyeshika kamba zote peke yake. Makarani wa mifuko walikuwa wakubwa wenzake: kina Luca Pitti, Dietisalvi Neroni, Agnolo Acciaiuoli. Walimtaka Medici awe msuluhishi wao, lakini hawakumtaka awe bwana wao. Mwaka 1455, baada ya amani na Venice kuondoa kisingizio cha vita, bahati nasibu ya kweli ilirudishwa, na Cosimo hakupinga. Machiavelli, aliyeandika historia ya Florence kwa kulipwa na Medici na bado akaweza kusema mengi, anaeleza kwamba wakubwa ndio waliopata hasara. Watu wadogo walipoacha kuwahitaji, sebule zao zilibaki tupu. Katasto mpya ikaja juu yake mwaka 1458. Wakamwendea Cosimo kumwomba anyooshe mambo. Akawaacha waendelee kuumwa kidogo, kisha akamwachia Luca Pitti, aliyekuwa Mshika Bendera wakati huo, aifanye kazi hiyo kwa jina lake na lawama zake.

Kazi yenyewe ilifanyika mwezi wa Agosti kwa mkutano wa uwanjani. Katika nadharia hapakuwa na chombo cha kidemokrasia zaidi: kengele kubwa ya jumba, waliyoiita Ng'ombe kwa mlio wake, inapigwa, raia wanajaa uwanjani, mwandishi wa serikali anawauliza kama wametimia theluthi mbili ya watu wote wa Florence, nao wanajibu ndiyo. Hakuna aliyehesabu. Kisha wanaulizwa kama wanakubali kamati ya dharura iundwe, nao wanakubali. Mwaka 1458 askari walikuwa wamesimama kwenye njia za kuingilia uwanjani, na ukubalifu ulikuwa mkubwa. Kamati ilirudisha uchaguzi wa mkono, ikaunda baraza jipya la watu 100, na miezi michache baadaye jina la wakuu wa mji likabadilishwa. Hawakuitwa tena Mapriori wa Vyama. Waliitwa Mapriori wa Uhuru.

Cosimo alipofariki mwaka 1464 mji ulimpa jina la Baba wa Taifa. Mwaka uliofuata wakubwa walewale walirudisha bahati nasibu, na Mei 1466 raia 400 walitia saini kiapo cha kuilinda. Ni moja ya nyaraka chache za kipindi hicho zinazoonyesha kwamba watu walielewa kabisa mahali tatizo lilipo: hawakudai Medici wafukuzwe, walidai mfuko uachwe. Lakini Luca Pitti aligeuka dakika ya mwisho akahamia upande wa Piero, mwana wa Cosimo, wenzake wakahamishwa, na Septemba Ng'ombe akalia tena. Tangu siku hiyo hadi 1494 Signoria ya Florence haikuchaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli hata mara moja. Jacopo de' Pazzi alipopita uwanjani juu ya farasi mwezi wa Aprili 1478, baada ya wenzake kumuua ndugu wa Lorenzo kanisani, alipaza sauti ya uhuru. Waliomsikia walimjibu kwa kulitaja jina la nembo ya Medici. Miaka miwili baadaye Lorenzo alijiundia baraza la watu 70.

Serikali inayochagua kwa mkono ina shida moja: wanaonyimwa ni wengi, na wanajua kuhesabu. Medici walilitatua hili kwa kugawa heshima isiyo na kiti. Makarani walitia mfukoni majina ya watu ambao walijua hawawezi kuketi: mwenye ndugu aliyetoka kitini juzi, aliye safarini, hata mvulana asiyefikia umri. Jina lilipookotwa lilisomwa kwa sauti, likawekwa kando, na familia ikarudi nyumbani ikiwa imeonekana. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na hakikugharimu kitu. Kadiri miaka ilivyokwenda idadi ya walioonekana ilizidi sana idadi ya walioketi.

Novemba 1494 Piero, mwana wa Lorenzo, alimkabidhi mfalme wa Ufaransa ngome za Florence bila kumuuliza mtu, na mji ukamfukuza. Mwezi wa Desemba, kwa msukumo wa mhubiri Girolamo Savonarola, likaundwa Baraza Kuu. Ilibidi kuamua nani ana haki ya kuingia, na wakachagua kigezo kilichoonekana kuwa cha kale na cha heshima: mtu wa miaka 29 na kuendelea ambaye yeye, baba, babu au baba wa babu yake aliwahi kuketi au kuonekana katika vyeo vitatu vya juu. Yale majina ya bure ya Medici, ya wavulana na wasafiri, yakawa hati za kisheria. Zaidi ya watu 3,000 walistahili. Jamhuri pana kuliko zote zilizowahi kuonekana Florence ilijengwa kwa orodha zilizoandikwa na Medici ili kuwanyamazisha watu. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku mikutano ya uwanjani.

Jamhuri hiyo iligombana miaka mingi juu ya jambo ambalo lingemshangaza Bruni. Katika Baraza Kuu wakubwa walitaka vyeo vijazwe kwa kura, kwa sababu kura huenda kwa majina yanayojulikana. Wadogo walitaka bahati nasibu irudi. Ugomvi huo haukuisha, ulikatizwa. Mwaka 1512 Medici walirudi nyuma ya jeshi la Hispania, wakaitisha mkutano wa uwanjani uliopigwa marufuku, wakaufuta uamuzi wa 1494, wakaurudisha uchaguzi wa mkono, na ukumbi wa Baraza Kuu ukageuzwa kuwa makazi ya askari. Walifukuzwa tena mwaka 1527 na kurudishwa mwaka 1530 na majeshi ya Kaizari Charles V baada ya mji kuzingirwa kwa miezi kumi. Safari hii hawakujisumbua na mifuko. Aliyekuwa na jeshi la Kaizari nyuma yake hakuhitaji tena theluthi mbili za mtu yeyote, na mwaka 1532 Signoria ilifutwa kwa sheria, Alessandro de' Medici akawa mtawala wa kurithi, na cheo cha Mshika Bendera wa Haki, ambacho Lorenzo alikuwa mdogo mno kukipata, kikafutwa pamoja nayo.